Picha ya Pili ya Bi Rukaiya

Bi Rukaiya na mumewe Ubwa waliishi pamoja Bwejuu mpaka wakapata vitukuu, na hawakuwa na hata picha moja ya wawili. Mjukuu wao akamwita Tahiya, mpiga picha wa Mjini anayetumia kamera ya filamu aliyoachiwa na baba yake. Tahiya akawakalisha barazani, akapima mwanga, akamaliza filamu nzima.

Alipoisafisha, alivunjika moyo. Jua lilikuwa lile lile na kamera hakuibadilisha kipimo, lakini picha nyingi zilitoka nyeupe, sura zimeungua. Chache zilizotoka vizuri, ama Ubwa amefumba macho, ama Bi Rukaiya amegeuka kufukuza kuku.

Tahiya alidhani kosa ni lake. Akaupiga picha ukuta wa nyumba yake mara kadhaa bila kugusa kipimo. Katika picha moja ukuta ukatoka mweupe, katika nyingine kijivu. Akampelekea kamera Muhiddin, fundi saa wa Mkunazini.

"Mafuta yameganda humu ndani," Muhiddin alisema. "Pazia linalopitisha mwanga mara linafunga upesi, mara linachelewa, mwanga unazidi."

Akaisafisha, wakaijaribu mpaka ukuta ukatoka rangi moja.

Lakini kabla Tahiya hajarudi Bwejuu, Bi Rukaiya alipata kiharusi. Upande mmoja wa uso ukalegea.

"Shikamoo, Bi," Tahiya alisema alipofika.

"Marahaba, mwanangu. Picha ziko wapi?" Maneno yalimtoka kwa taabu.

"Zimeharibika. Kamera ilikuwa mbovu, nami sikuijaribu kabla ya kuja. Nisamehe."

Bi Rukaiya akajifuta mdomo kwa ncha ya kanga. "Basi tena. Uso ule nshaupoteza."

Ubwa ndiye aliyejibu.

"Mimi huu nnautazama kila siku. Nataka picha ya mke wangu."

"Hivi nilivyo?"

"Hivyo hivyo."

Bi Rukaiya akacheka, akaomba wanja. Ubwa akakaa upande wake uliolegea, akamshika mkono.

Safari hii picha zote zilitoka sawa, kila mkunjo wa uso unaonekana. Tahiya alipozileta, Bi Rukaiya alizitandaza mkekani, akazitazama kwa muda mrefu. Akachagua ile ambayo hakuitazama kamera, alikuwa akimtazama mumewe.

"Hii itundikwe ukumbini," alisema. "Wageni waione."

Ubwa akainuka kutafuta msumari.