Biolojia ya Nyamusi

Ombati, muuza nguo za watoto katika soko la Migori, hana breki mdomoni akianza kumsifu bintiye. Matokeo ya kidato cha nne yaliposomwa kanisani siku ya Sabato, mzee wa kanisa alitaja wastani tu: Nyamusi, B. Kesho yake Ombati akaanza kumwita "sista", kama waitwavyo wauguzi, na haikupita wiki akina mama wa sokoni wakawa wanamletea Nyamusi miguu iliyovimba aitazame. Chuo chenyewe cha uuguzi alichoomba kilikuwa hakijajibu hata salamu.

Nyamusi aliitazama miguu hiyo huku akiomba asiulizwe alama zake. Biolojia alikuwa amepata D. Kwa kuwa ndilo lililokuwa somo lake bovu kuliko yote, halikuingia katika hesabu ya wastani, na baba hakuuliza kilichokuwa chini ya ile B. Tangu utotoni hakutamani kazi nyingine ila uuguzi, kwa hiyo aliogopa kusema.

Siku ya usaili huko Homa Bay, alikokwenda na baba yake, Trizah, afisa wa usajili wa chuo, alisoma matokeo bila haraka. Akaeleza kwa upole kwamba B ile ingempeleka kozi nyingi, ila mwuguzi hapokelewi bila C ya Biolojia. Njia zilikuwa mbili: aanze mwaka huu kozi ya kutunza rekodi za wagonjwa, au arudie mtihani kisha aombe upya.

Ombati aliidaka ya kwanza. "Andika hiyo ya rekodi, madam. Bora ako hospitali. Nani atajua?"

"Mimi nitajua, baba," Nyamusi alisema. "Mimi nataka kuuguza watu. Biolojia ilinishinda na nikakuficha. Nitarudia."

Baba alikunja uso, akatoka nje. Waliposhuka kwenye steji ya Migori, Mokaya, jirani yake wa sokoni, aliwaona na kuuliza mbele ya abiria kama sista amepata chuo.

Nyamusi aliona aibu hadi masikio yakamwaka. Alingoja baba atunge hadithi, maana kwa hadithi hakuwa na mpinzani Migori nzima.

"Hajapata," Ombati alisema. "Biolojia ilimwangusha, anarudia. Mimi ndio niliwadanganya. Si yeye."

Nyamusi, ambaye ofisini hakutoa hata chozi, akalia.