Ua Hili, Ua Huu

Nlilikata mimi. Nalisema mwanzo kabisa msije mkamtilia shaka mwenzangu Ayoub, ambaye saa ile alikuwa juu ya ngazi anafunga kamba, wala kuku wa jirani, ambao kwa mara ya kwanza katika maisha yao hawakuwa na kosa. Nlilikata kwa mkasi, nikalichomeka sikioni, nikajipiga picha nimeegemea makuti, nikaituma kwenye kundi letu la WhatsApp na maneno haya: "Ua upo salama!"

Watu ambao mtu akipiga chafya hukesha wakimtakia afya, siku ile hawakuandika hata herufi. Halafu Nassra, mkubwa wetu wa bustani, akapiga simu. Hakunisalimia.

"Kaka Ubwa, hilo lilioko sikioni mwako umelitoa wapi?"

Mchana wa siku ile yeye ndiye alieandika: "Jamani, leo msikate ua." Na sisi tulikuwa tumepanga kusawazisha vichwa vya fito za ua, maana vilikuwa virefu na vifupi kama meno ya mbuzi. Nikasema sawa, mkubwa kashasema. Nikauficha msumeno Ayoub asije akapitiwa. Kisha, mkasi mkononi na kazi hakuna, nikaliona lile ua jeupe linaanza kufumbuka chini ya kichanja cha mumunye. Zuri, la peke yake. Bua lake nyuma lilikuwa limevimba kidogo. Nikadhani lina maradhi.

Bustani yenyewe iko Bububu, nyuma ya nyumba ya Bi Badriya. Enzi za mamake ilikuwa inalisha mtaa: mchunga, kunde, bamia, nyanya chungu, mnavu. Ukipita na kapu tupu ilikuwa lazima uitwe. Baadae watoto wakatawanyika, magugu yakaingia, na watu wakaona raha kutupa matairi humo. Nassra, mwalimu wa hesabu, mtu wa mjini ambaye hata rihani ilikuwa imemfia dirishani, ndiye alieamka siku moja akasema bustani ile irudi kama ilivyokuwa, kwa mbegu za zamani na ua wa zamani, na hakuna atakaelipwa. Mimi alinikamata Forodhani nasubiri wageni wangu. Kazi yangu kutembeza watu Mji Mkongwe. Diploma yangu ya utalii imetundikwa sebuleni, chini ya saa isiokwenda.

"Kaka Ubwa," alinambia, "kila siku unawaonesha wageni milango ya watu. Njoo basi uwe na kitu chako cha kuonesha."

Nilikwenda kwa siku moja. Mpaka leo sijarudi.

Waya wa kuku wa kuzungushia aliukataa Bi Badriya mwenyewe. "Mboga nazo zina haya," alisema. "Mnataka zikae uchi barabarani?" Basi tukajifunza kusuka makuti ya kumba, yale mapande yanayofungwa kuwa ukuta. Kumba la kwanza la Nassra lilipinda kama mtu aliefumaniwa. Akalifumua. Akasuka, akafumua, vidole vikapasuka, akavifunga plasta akaendelea, na kila siku akitokea skuli, chaki bado imo kwenye kucha. Ua ule uliposimama, fito zimepangana kama watu kwenye safu ya sala, upepo unapita na jicho halipiti, nilikaa nikautazama kimya. Wanaonijua wanaelewa uzito wa neno hilo.

Lakini roho ya jambo ilikuwa mumunye.

Tangu Mfunguo Mosi, Ramadhani ilipokwisha, Bi Badriya alikuwa hali kitu. Vijiko viwili vya uji, bakuli analisukuma. Ukimuuliza anataka nini, jawabu moja: mumunye la mamake, lile la shingo fupi, kwa tui na ndimu. Tulimletea mamumunye kutoka Darajani. Akaonja, akacheka. "Haya maji yametiwa umbo."

Tulitafuta Fumba, tukatafuta Makunduchi. Mwisho Nassra alilipata moja kavu, limening'inia jikoni kwa binamu wa Bi Badriya kule Mangapwani, moshi wa miaka umelifanya jeusi. Alilitikisa, ndani mbegu zikalia. Tukazipanda zote. Ikaota moja. Nassra akatukalisha kitako akatwambia, na Bi Badriya yupo anasikia: tunda la mwanzo haliliwi na mtu. Litakaukia pale pale lilipo, tupate mbegu, maana huu mmea ukifa hakuna mwengine wa kuuliza.

"Haya," alisema Bi Badriya. "Mie nshangoja mengi."

Mmea ukatambaa, ukatoa maua. Karibu yote madume. Majike mawili yalitoka yakaanguka bila ya kushika. Likabaki moja. Hilo ndilo lilokuwa sikioni mwangu.

Nassra alifika kwa bodaboda, mtandio umempeperuka. Akalichomoa taratibu, kama anamtoa mtoto kitu kinywani.

"Ua hili," alisema, akalinyanyua. Kisha akaugusa ukuta wa makuti. "Si ua huu."

Akaligeuza. Lile nlilodhani maradhi lilikuwa kimumunye kidogo cha kidole, kina manyoya laini, shingo yake fupi tayari inaonekana.

"Huyu ndie mwari wetu, kaka Ubwa. Nlikuwa nimuozeshe leo, baada ya magharibi."

Bi Badriya, kitini kwake, akapiga kofi. "Ndo maana wakasema mumunye huharibikia ukubwani! Litazame hilo. Lina miaka mingapi?"

"Hamsini na mbili, bibi."

"Lishaoza."

"Diploma anayo," alisema Ayoub juu ya ngazi, "ngeli hana."

Tulicheka, na mimi nikacheka kuliko wote, maana ndio dawa yangu. Lakini macho yangu mepesi kuona. Niliona Nassra hacheki. Alikuwa anatazama kiganja chake. Nilingoja anitukane, na wallahi ningeshukuru. Badala yake alichuchumaa chini ya kichanja, akaushika mmea kwenye ncha yake kuu, pale unapokimbilia, akaweka ukucha.

"Nassra! Unaumaliza!"

"Ukiuacha unakimbia tu, unazaa wanaume. Vichipukizi vya ubavuni ndivyo vinavyotoa wari." Ukucha hakuuondoa. "Nimesoma, nimeuliza, na bado naogopa. Bismillahi."

Akaukata.

Mimi nimeona watu mashujaa wakielezewa kwenye vibao vya makumbusho, na huwaeleza wageni kwa lugha tatu. Hakuna hata mmoja nliemuona kwa macho akikata kitu anachokipenda ili kiishi.

Baada ya hapo alikuja kila siku, mvua, jua. Alisahihisha mitihani ya wanafunzi humo humo bustanini, amekalia ndoo iliopinduliwa, kila baada ya karatasi mbili tatu ananyanyua jani anachungulia. Vichipukizi vikatoka. Na kwenye kimoja, alhamdulillahi, ua lenye kimumunye nyuma yake. Ujumbe wa kundi siku ile ulisema: "Ua (LA MUMUNYE, kaka Ubwa) linafumbuka leo. Lisiguswe."

Ilikuwa harusi kamili. Bi Badriya alitia udi kwenye chetezo. Ayoub alipita maua madume yote akichagua kama mama mwenye binti mmoja, akaja na moja lenye unga wa kutosha.

"Mahari?" aliuliza Bi Badriya.

"Ndoo nzima ya samadi. Ishalipwa."

"Mashahidi?"

Nikanyoosha mkono.

"We huwezi kuwa shahidi. We mshitakiwa."

Nassra alimvua bwana harusi petali zake, akamgusisha kwa bibi harusi, polepole, pande zote, midomo yake inasoma kitu. Kisha akalifunga ua kwa uzi. Bi Badriya akapiga kigelegele ambacho sikujua kifua kile kinacho bado, mpaka jirani akauliza kwa sauti kutoka kwake, nani kaolewa?

Likashika. Likawa kidole, likawa ngumi, likawa la kukumbatia. Nassra alilitengenezea pembeo kwa kipande cha kanga lisivunje bua. Watu walikuja kulitazama, wakawa wanaongea kwa sauti za chini kama wamekuja kumuona mzazi.

Bi Badriya naye alikuwa anapungua. Ule uji ukawa kijiko kimoja. Wiki nzima hakutoka ndani, tena asubuhi moja akataka atolewe. Mimi na Ayoub tukambeba na kiti chake, mwepesi kama kapu, tukamweka chini ya kichanja. Nassra alikuwa kwenye tuta la pili anachuma bamia, na kisu mkononi.

Bi Badriya aliingiza kiganja ndani ya kile kipande cha kanga, akalipima mumunye. Manyoya yalikuwa yashapukutika, ganda bado laini. Siku yake hasa ya kupikwa. Baada ya siku mbili tatu lingekuwa gumu, la mbegu tu. Na likikatwa leo, mbegu bado changa. Sote tulilijua hilo.

"Limefika," alisema. "Wanangu, nikatieni. Nile."

Ayoub akainamia kamba ambayo ilikuwa imeshafungwa. Mimi, mwenye mzaha hata wa matangani, nikaanza kuhesabu fito za ua. Nassra alisimama na kisu chake, hakuja mbele wala hakurudi nyuma.

"Nassra," alisema Bi Badriya, na hii ilikuwa mara ya kwanza kumsikia anaomba. "Nikatie, mwanangu."