Lebo ya Mawifi

Tangazo lilibandikwa kwenye nguzo ya umeme siku ya Jumatatu, na kufikia saa nne asubuhi kila mtengeneza sabuni wa mtaa ule alikuwa ameshalisoma na kulitukana. Mama Povu alilisoma mara mbili. Mara ya kwanza kwa macho, mara ya pili kwa kidole, neno kwa neno.

Kuanzia tarehe mosi, sabuni ya maji ni marufuku kuuzwa kwenye chupa za soda na za maji ya kunywa, na ikorogwe penye sakafu ya saruji na mlango wa kutokea nje. Hilo alilimeza. Kila chupa iwe na lebo. Hilo nalo halikuwa tatizo, wachapaji wamejaa mjini. Lakini lebo itaje kila kilichomo ndani, kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo, na asiyetaja atafungiwa biashara. Hapo ndipo alipokwama.

Ili uelewe kwa nini, lazima umjue wifi yake. Huyo dada wa mumewe mtaa mzima ulimwita Sajini, ingawa jeshi alikuwa hajawahi kuliona ila kwenye runinga. Huu ulikuwa mwaka wa sita wanatengeneza sabuni pamoja, kwenye chumba cha uani nyumbani kwa Sajini, na hawakuwahi kukoroga pamoja hata siku moja. Asubuhi Sajini aliingia peke yake, akatia komeo, akachanganya magadi na salfoniki, ile asidi ya kutoa povu, kwenye pipa la bluu, akaongeza kitu chake anachokijua mwenyewe. Saa nane mchana zamu ikawa ya Mama Povu. Naye alitia komeo, akamimina rangi na marashi, akaongeza kitu chake anachokijua mwenyewe, akakoroga mpaka bega likaomba msamaha. Kuchungulia ilikuwa mwiko. Tundu la ufunguo lilizibwa kwa kitambaa, na kila mmoja alikuja na kitambaa chake, kwa sababu cha mwenzake hakukiamini.

Tena walipoanza, Sajini hakuzunguka mbuyu. "Nakuvumilia kwa ajili ya hicho unachotia kwenye pipa," alimwambia. "Siku nikikijua, hapa hukanyagi tena." Mama Povu alicheka siku ile, lakini neno alilishika. Hicho kitu ndicho kilichomweka kazini. Mumewe hakuwa wa kutegemewa kwenye vita hivyo. Alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, na kila mkewe na dada yake walipoanza kurushiana maneno, safari ilipatikana.

Alimkuta Sajini uani akibandua karatasi kwenye chupa za soda, kwa hasira, kama anayemchuna mtu.

"Umeliona tangazo?" Mama Povu akauliza.

"Nimeliona. Taja kitu chako niandike lebo."

"Taja chako kwanza."

"Chumba ni changu."

"Chumba hakikorogi sabuni, wifi."

"Na wewe ndiye unayekoroga? Mwenye saluni kanirudishia madumu mawili jana! Anasema sabuni nyepesi kama maji ya kuoshea mchele. Ni huo uchawi wako wa mchana."

"Inanifikia ikiwa maji tayari! Mimi ndiye ninayeiokoa. Nisingezidisha kitu changu, ungekuwa unauza mvua."

"Unazidisha nini?"

"Nazidisha."

Nusura Mama Povu aingie mkenge na kukitaja. Sajini akatema mate pembeni ya chupa. Walikubaliana jambo moja tu, na kukubaliana kwenyewe kulikuwa kwa kufokeana: kila mmoja ataandika nusu yake ya siri kwenye karatasi, ataitia kwenye bahasha, ataigandisha kwa gundi, na atamkabidhi mkononi afisa aliyetoa tangazo. Afisa ataitunga lebo mwenyewe.

Alhamisi walikwenda ofisini, mmoja upande huu wa barabara, mwingine upande ule. Afisa alikuwa mwembamba mwenye miwani na sauti ya mtu aliyeulizwa swali lile lile tangu asubuhi. Mbele ya meza yake palikuwa na kiti kimoja. Sajini akakikalia kabla hajakaribishwa.

"Bwana Afisa, hii yangu. Usiisome kwa sauti."

"Na hii yangu," Mama Povu akasema. "Huyu asiione."

Afisa akazitazama bahasha, akawatazama wenyewe. "Nyinyi ni nani kwa nani?"

"Wifi yangu," wakajibu kwa pamoja, kila mmoja kwa sauti ya kutaja ugonjwa.

"Sawa. Na lebo ikishachapwa mtaibandika wapi? Ndani ya chupa?"

Hawakumwelewa.

"Nauliza kwa sababu lebo ni ya kusomwa," Afisa akasema taratibu. "Mteja ataisoma. Jirani ataisoma. Na nyinyi, naona mmekwenda shule, mtaisoma."

Mama Povu akaitazama bahasha yake mezani. Siku tatu nzima amegandisha bahasha, na jambo hilo halikumpitia kichwani. Akamtupia jicho Sajini, akaona na mwenzake amebaki mdomo wazi. Walau ujinga waligawana sawasawa. Akanyoosha mkono kuirudisha bahasha yake, lakini Afisa alikuwa ameshaichana.

Akasoma ya kwanza. Akasoma ya pili. Akavua miwani, akaifuta, akazisoma tena, kisha akazigeuza karatasi zote mbili ziwaelekee wenyewe. Ya Sajini ilikuwa na neno moja kwa herufi kubwa. Ya Mama Povu ilikuwa na neno moja lililopigiwa mstari.

Chumvi.

"Chumvi?" Sajini akaruka. "Miaka sita unaziba tundu kwa ajili ya chumvi?"

"Na wewe ulifungia nini mle, dhahabu?"

"Mimi nilifundishwa kwenye semina!"

"Mimi nilifundishwa kiwandani, nikiwa na ufagio mkononi!"

"Mama zangu," Afisa akaingilia, "hii hufundishwa siku ya kwanza. Chumvi kidogo huifanya sabuni iwe nzito. Ikizidi, inarudi kuwa maji. Mnatia kiasi gani?"

Kila mmoja akamsubiri mwenzake aanze.

"Vikombe vitatu," Sajini akasema. "Zamani kimoja. Lakini ilikuwa inakuwa nyepesi."

"Mimi vinne," Mama Povu akasema. "Kwa sababu yake."

Afisa akajumlisha kwa vidole. "Hii si sabuni. Hii ni bahari yenye marashi." Akasukuma fomu. "Hapa panatakiwa jina moja tu. Mtu mmoja anayewajibika kwa kila kilichomo."

Sajini akaidaka fomu kama anayeokoa mtoto. "Jina langu! Na wewe, nilikwambia. Nimeshakijua. Hukanyagi tena kwangu."

Ilimuuma Mama Povu, tena pale pale alipojua itamuuma. Miaka sita amekuwa mtu kwa sababu ya kopo la chumvi. Akasimama anatazama kisogo cha wifi yake kilichoinamia meza, na hasira ikamsaidia kufikiri.

"Bwana Afisa. Yeye ameijua nusu yangu. Na mimi si nimeijua yake?"

"Umeijua."

"Basi nipe fomu nyingine."

Sajini akageuka. "Utakorogea wapi? Kwenye sufuria za kaka yangu?"

"Sebuleni. Tangazo linataka sakafu ya saruji na mlango wa kutokea nje, vyote ninavyo. Makochi yataingia chumbani."

"Nampigia kaka sasa hivi!"

"Mpigie. Mwambie akirudi aje na pipa."

Afisa akampa fomu. Wakaandika, mmoja kwenye kiti, mwingine amesimama, kila mmoja amekinga karatasi yake kwa kiganja. Jina. Mtaa. Magadi, salfoniki, rangi, marashi. Kisha kalamu zote mbili zikasimama mahali pamoja: kiasi cha chumvi kwa pipa moja.

Anayejua alikuwa Afisa, na Afisa angejibu akiulizwa. Lakini akiulizwa na mmoja, mwingine angesikia.

"Ofisi inafungwa saa kumi," Afisa akasema, akainuka kwenda kula.

Aliporudi aliwakuta vile vile. Sajini ameng'ang'ania kiti. Mama Povu amevua viatu, mgongo ukutani, fomu kifuani. Miguu ilikuwa inamwaka moto, lakini atangulie kutoka yeye, amwachie Sajini amuulize Afisa peke yake? Thubutu.