Vijiko Viwili

Mama Kibonge alikuwa juu ya ngazi, akifunga matawi ya waridi kwenye waya wa ukutani. Waridi la kutambaa ukiliacha lipande wima litakupa majani tu. Sharti ulilaze ndipo lichanue. Asubuhi hiyo vichipukizi vilikuwa vimejaa vidukari kama ufuta kwenye mkate.

"Wifi!" dada wa mumewe aliita kutoka jikoni. "Dawa iko wapi?"

"Dirishani! Chupa ya kahawia."

Alifurahi. Mgeni wa juzi tu, na tayari ameona wadudu.

"Vijiko vingapi?"

"Viwili. Tikisa kwanza!"

"Haya!"

Mama Kibonge alikaza fundo, akangoja kusikia bomba, maana dawa ile huchanganywa na ndoo ya maji. Bomba halikufunguliwa. Alichosikia ni mwanawe akikohoa.

Kumbe wifi alitaka dawa ya kikohozi! Dawa ya maua mwenye duka alimpimia kwenye chupa ndogo isiyo na karatasi. Ya kahawia.

Ngazi hakuishuka, aliporomoka. Miiba ikamkamata gauni, akalivuta likachanika.

Wifi alikuwa amempakata Kibonge, amembana pua, kijiko mdomoni.

"Meza, mwoga wewe! Dawa imekuwa soda lini?"

Mama alikipiga kijiko kikaruka hadi mlangoni. "Ya wadudu hiyo!"

"Si umesema viwili?"

"Nimesema! Hiki cha ngapi?"

Wifi alimwachia Kibonge pua.

"Cha ngapi, wifi?"

"Cha kwanza."

"Kibonge, umemeza?"

"Inanuka," mtoto alilia. "Shangazi anasema nadeka."

"Umemeza?"

"Kidogo."

Mama alimsukutua kinywa, akamtupa begani, chupa mkononi, mbio hadi zahanati ya mtaa wa pili. Wifi nyuma yake, peku, akiomba Mungu kwa sauti.

"Amekunywa nini?" daktari aliuliza.

"Dawa," wifi alianza.

"Sumu," Mama alimkatiza. "Amekunywa sumu. Ninusie hii chupa, haina jina."

Daktari alinusa, akamchukua mtoto, akafunga mlango.

Walikaa kwenye benchi bila kutazamana. Mlango ulipofunguliwa, Mama alisimama.

"Mmewahi," daktari alisema. "Ila leo atalala hapa. Bado namwangalia."

Kibonge alinyoosha mikono kutoka kitandani. Mama alipiga hatua moja, akaitazama mikono yake, bado inanuka sumu, akairudisha nyuma.

"Sabuni iko wapi?" aliuliza.