Sindano Nilizomtungia Mdogo Wangu

Mdogo wangu alikuwa na mimba ya miezi saba homa ya mafua makali ilipoingia mtaani kwetu. Mumewe ni dereva wa lori la masafa marefu, kwa hiyo nilikuwa nimehamia kwake ili asiwe peke yake. Mchana tulishona pamoja katika chumba chenye dirisha moja. Mimi nilikaa kwenye cherehani, yeye alikaa nyuma yangu akimalizia kazi za mkono: vifungo, pindo, kamba.

Macho yake hayakuona vizuri vitu vya karibu, na tangu tuanze kazi hiyo sindano zake nilimtungia mimi. Nakata uzi kwa meno, nailowesha ncha mdomoni, naupitisha, nampa. Siku nzima hivyo.

"Ulimi wako huo," alikuwa akisema, "una faida hii moja tu."

"Na macho yako yana faida gani?"

"Ya kukutazama unavyonenepa, dada."

Wiki hiyo zahanati ilituletea kitambaa tuwashonee barakoa mia tatu. Tulijiona watu waangalifu sana. Ndoo ya maji na sabuni tuliiweka mlangoni, wateja waliishia hapo hapo, dirisha halikufungwa, na kila mmoja wetu alivaa barakoa yake. Yangu niliishusha tu kila nilipotunga uzi. Hatari ya jambo hilo haikunipitia akilini hata mara moja.

Jumanne mchana nilishikwa ghafla. Baridi ilinipanda mgongoni, ikafuata joto, macho yakauma, viungo vyote vikawa kama vya mtu aliyepigwa. Nikasema ni kuinama kutwa. Niliendelea kushona, na sindano nikatunga.

Kesho yake muuguzi wa zahanati alikuja kuchukua barakoa zilizokuwa tayari. Alisimama mlangoni akinitazama nikipitisha uzi.

"Hiyo sindano ni ya nani?"

"Ya mdogo wangu."

"Na umeitia mate."

Niliipandisha barakoa yangu puani. Alitoa kipimajoto kwenye mkoba, akanielekezea kwenye paji la uso, akasoma, kisha akarudi nyuma hatua mbili.

"Tangu lini?"

"Jana."

"Acha kazi ukapumzike, lala mbali naye. Na wewe, mama," alimgeukia mdogo wangu, "mafua haya hayana mzaha na mjamzito. Ukipata homa, hata ndogo, uje siku hiyo hiyo. Dawa ipo, lakini inafanya kazi vizuri ikianzwa mapema, ndani ya siku mbili. Msikae kusubiri."

"Muuguzi, huyu humu ndani ananipiga mateke makali kuliko hayo mafua," mdogo wangu alisema. Muuguzi hakucheka.

Nililala sebuleni. Alhamisi nilitega sikio kutwa nzima. Kila alipokohoa kidogo tu, moyo ulinilipuka. Nilijiambia ni vumbi la vitambaa.

Ijumaa asubuhi kikohozi kikavu kilipita ukutani, mara tatu, kisha mfululizo. Nilijifunga barakoa nikaenda kusimama mlangoni pake. Uso ulikuwa mwekundu, amejifunika mablanketi mawili, na meno yanagongana.

"Twende zahanati," nilisema.

"Ni baridi tu hii. Zahanati ndiko wagonjwa walikojaa, dada. Niende kutafuta nini?"

Nilipaswa kumwinua kwa nguvu. Lakini nilikwisha kuiona picha: muuguzi yule yule, akinitazama mimi, akijua ni mimi. Mdogo wangu alikuwa amenipa kisingizio, nikakipokea kwa mikono miwili. Nikamwambia sawa, tuone hadi kesho.

Jumamosi tukaona. Jumapili tukaona. Nilimpa maji na dawa ya kutuliza homa, nikakaa mlangoni nikihesabu pumzi zake kwa saa ya ukutani, nikipoteza hesabu kwa hofu na kuanza upya.

Jumatatu homa ilishuka. Aliamka akaomba chai, akaketi, akaniambia nimekonda na bado sura ni ile ile. Nilitoka nje nikalia kwa furaha. Mumewe alipopiga simu nilimwambia, "Shemeji, amepona. Ameshaanza kunitukana."

"Basi kapona kweli," alisema, akacheka.

Jumanne asubuhi mwili wake ulikuwa moto kuliko siku zote. Alitaka kuniambia kitu, ikambidi akatize maneno mara tatu ili apumue. Midomo ilikuwa na rangi ya jivu.

"Mtoto," alisema. "Hajacheza. Tangu jana jioni."

Zahanati ilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa gari. Muuguzi alimwekea hewa ya oksijeni palepale mlangoni, akaita gari la wagonjwa, akashika kalamu.

"Homa ilianza lini?"

"Ijumaa."

Aliandika. Nilisubiri. Nilikuwa tayari kwa lolote atakaloniambia. Hakuniambia lolote. Alikuwa anamtazama mgonjwa, wala hakuwa na nafasi ya kunitazama mimi. Nilichokiogopa siku zote hizo nne hakikutokea kabisa.

Gari lilipofika ndipo alipozungumza nami, akinisaidia kupanda.

"Homa ikiondoka kisha ikarudi, na pumzi zikawa fupi, hapo mapafu yameingiliwa. Hapo ni kukimbia. Waambie na wengine."

Hospitali walimtoa mtoto kwa upasuaji alasiri ile. Msichana, mdogo kama mkate, lakini alilia. Mdogo wangu hakumwona. Jumatano, kabla ya adhuhuri, daktari alitoka akavua glavu, akaniuliza kama kuna mwanaume wa familia wa kuzungumza naye. Nikamwambia azungumze nami.

Baadaye, mdogo wangu akiwa amekwisha kufunikwa shuka hadi usoni, niliketi kwenye benchi la korido nikiwa na simu mkononi. Shemeji tangu jana alikuwa sehemu zisizo na mtandao. Hakujua kitu. Nilipiga, ikaita. Alipokea kwa sauti ya juu, injini ikinguruma nyuma yake.

"Shemeji, leo umeniwahi. Huyo mtukanaji wangu yuko wapi, mpe simu."

Nikamwambia asimamishe gari kwanza.