Mikono ya Kushoto ya Darasa la Pili B

Mvua ilikuwa ikimwagika juu ya mji wa Kurayoshi tangu alfajiri. Wazazi waliokuja siku hiyo kuangalia masomo walipanga miavuli yao langoni mwa shule, wakavua viatu na kuvaa ndara walizokuja nazo mifukoni. Mwalimu Nogiwa Tamiko aliwapokea mmoja mmoja kwa kuinamisha kichwa. Hakuwa amekwenda mbali katika kazi hiyo pale mama mmoja alipomwuliza swali lililomkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Samahani, mwalimu. Darasa la Mwalimu Inoguchi ni lipi? Mwanangu hana wimbo mwingine. Hata akiwa bafuni namsikia anacheka peke yake."

"La Pili B. Panda ngazi, mwisho wa ukumbi," akajibu. Tabasamu lake halikutetereka.

Nogiwa alikuwa akifundisha Kiingereza katika shule hiyo ya sekondari ya chini tangu Inoguchi Chiharu hajajua kufunga kamba za viatu vyake. Chati zilizotundikwa ukumbini zilikuwa kazi ya mkono wake: maneno ya Kiingereza ambayo watoto huyachanganya, kosa kwa wino mwekundu upande mmoja, sahihi kwa wino mweusi upande wa pili, na mistari iliyonyooka kama mpini wa jembe. Darasa la Tatu, la wale wanaojiandaa kwa mtihani wa kuingia sekondari ya juu, lilikuwa lake kila mwaka, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Kisha akaja Inoguchi, akitokea Uingereza alikosoma. Meza yake katika chumba cha walimu iliwekwa uso kwa uso na ya Nogiwa, na kila baada ya chakula cha mchana watoto waliizunguka kwa wingi hata Nogiwa akalazimika kusogeza kikombe chake cha chai kisimwagwe na viwiko vyao. Wiki moja mtoto alimwuliza Inoguchi kama ni kweli Waingereza husema kunanyesha paka na mbwa, kama Mwalimu Nogiwa alivyowafundisha.

"Ni msemo wao, ndiyo," alisema Inoguchi. "Ila miaka yote niliyokaa huko na mvua zao zile, sikumsikia hata mmoja akiusema."

Watoto walicheka. Inoguchi aligeuka mara moja kumwomba mwenzake radhi, na Nogiwa akasema si kitu. Lakini tangu siku hiyo kila kicheko kilichovuka ukuta wa Pili B alikihesabu kuwa chake, kilichoibwa.

Sasa mwalimu mkuu msaidizi, Bwana Kuze, alikuwa ametangaza kwamba mwalimu wa Darasa la Tatu wa mwaka ujao angeamuliwa baada ya siku ya wazazi. "Nataka nione kwa macho yangu," alisema. "Mwalimu Inoguchi aanze na Pili B, kipindi kinachofuata Mwalimu Nogiwa na Pili A. Mada iwe moja: maneno na misemo ya Kiingereza ambayo watoto wetu huichanganya."

Mada yangu, Nogiwa aliwaza. Wamempa mada yangu.

Hata hivyo alikuwa na silaha. Siku chache kabla, akipita mbele ya Pili B, aliona darasa zima limeinua mikono, baadhi ya kulia na baadhi ya kushoto, naye akaelewa papo hapo. Ujanja huo aliujua kwa sababu aliutumia mwenyewe kila siku ya wazazi. Anayejua jibu huinua mkono wa kulia, asiyejua huinua wa kushoto, mwalimu huchagua wa kulia tu, na wazazi hurudi nyumbani wakiamini kwamba hakuna mjinga darasani.

Basi aliposimama nyuma ya Pili B kati ya wazazi, alikuwa mtulivu kama mvuvi aliyekwisha kuona kizibo kikizama.

"Nani ana kosa la wiki?" Inoguchi aliuliza.

"Mimi, mwalimu!" Mvulana mmoja aliruka kutoka kitini. "Nilimwambia mgeni mmoja wa Australia kwamba sisi tunaishi kwenye *mansion*!"

Hapa Kurayoshi neno hilo ni fleti ya kawaida. Kwa wenye lugha yao ni kasri.

"Akasemaje?"

"Akaniuliza tuna watumishi wangapi!"

"Mwambie mtumishi ni mimi," mwanamume mmoja akasema kutoka nyuma, "na choo chenyewe tunakipangia foleni." Ilikuwa sauti ya baba yake. Darasa lilivunjika mbavu. Nogiwa peke yake hakucheka.

"Asante, baba, umenipeleka nilikotaka kwenda," Inoguchi akasema. "Umealikwa kwa Mwingereza na umebanwa. Ukisema kama tunavyosema hapa kwetu, kwamba unaomba kuazima choo chake, atafikiri nini?"

"Kwamba nitakibeba!"

"Kwamba nitakirudisha Jumatatu!"

"Haya. Badala ya kuazima, utatumia neno gani?"

Mikono ikapaa yote. Inoguchi aliitazama, kisha akamwinamia mwenzake. "Mwalimu Nogiwa, wewe ndiye mkubwa wetu katika somo hili. Tafadhali tuchagulie mmoja."

Hakutarajia kukabidhiwa kisu kwa upande wa mpini. Macho yake yalipita juu ya mikono ya kulia, yakatua dirishani kwa Aizawa Futaba, msichana mwembamba aliyekuwa ameinua wa kushoto.

"Futaba," akasema kwa upole.

Futaba akasimama. "Sijui, mwalimu."

Ndara za wazazi zilisugua sakafu. Bwana Kuze aliinua kichwa kutoka katika karatasi zake. Utamu ulimpanda Nogiwa kifuani, akausikia hadi kwenye meno.

"Hajui," Inoguchi aliwaambia wazazi, bila aibu yoyote, "na ndiyo maana ameinua wa kushoto. Hapa wa kushoto ni wa kuomba msaada, na mwenye kuomba ndiye anayemchagua wa kumsaidia. Futaba, unamtaka nani?"

Futaba alizungusha macho. Wenzake wa mikono ya kulia walikuwa wakijinyoosha na kunong'ona, "Mimi! Mimi, Futaba, usininyime!"

"Namchagua Mwalimu Nogiwa," akasema. "Mimi nafagia ukumbini, nasoma chati zake kila siku. Kuna hii ya kuazima, nimeisoma mpaka nimeikariri, lakini bado siielewi."

Ilimbidi Nogiwa apite katikati ya madawati hadi mbele. Chaki aliyopewa ilikuwa na joto la mkono wa mwenzake.

"Unachoazima unaondoka nacho," alisema. "Usichoondoka nacho, unakitumia tu. Kwa hiyo choo unaomba kukitumia."

"Kalamu je?"

"Unaazima."

"Na simu?"

"Simu inategemea," Nogiwa akasema kwa uzito wake wa kawaida, "kama unakusudia kutoka nayo mlangoni."

Darasa likaangua kicheko. Hata Kuze alicheka. Nogiwa alisimama na chaki mkononi, akisikia kicheko hicho kikimjia kama maji ya moto baada ya baridi, na kwa mara ya kwanza alijua ladha ya kitu alichokuwa akikionea wivu. Ndipo wivu ukamzidi. Huyu binti Inoguchi anakunywa hiki kila siku, aliwaza, na asubuhi anakuja kazini kama vile hakuna kitu.

Kengele ililia. Wazazi walimiminika ukumbini, na wengi, pamoja na Kuze, wakaingia Pili A kuangalia somo lililofuata. Walikuwa wamekwisha kujipanga ukutani Nogiwa alipokumbuka alichowafunza watoto wake. Hakukuwa na namna ya kuwanong'oneza.

Aliuliza swali lake la kwanza, na mikono yote ikapaa.

"Ah, kumbe na hapa mna mikono ya kushoto!" Kuze akasema, amefurahi.

Nogiwa alichagua wa kulia, akapata jibu safi. Akauliza tena, akachagua wa kulia tena.

"Wale wa kushoto wanasubiri, maskini," mama mmoja akamwambia jirani yake, kwa sauti ambayo darasa zima liliisikia.

Kalamu ya Kuze ilikuwa imesimama. Nogiwa alinyoosha kidole. "Uda."

Uda Ryohei alitazama kushoto na kulia, kana kwamba huenda kuna Uda mwingine. "Mwalimu," akanong'ona, "huu ni wa kushoto."

"Naona."

"Lakini si tulikubaliana..."

Jirani yake akapiga teke kiti cha Uda. Nyuma, baadhi ya wazazi walikwisha kuelewa, wakaanza kutazama viganja vyao. Shingo ya Nogiwa ilikuwa nyekundu, lakini hakumkalisha mtoto.

"Chagua wa kukusaidia," akamwambia.

Hakuna aliyewahi kumfundisha Uda kuchagua. Alitafuta nyuso za wenzake, na wote wakainamia madawati. Mwishowe akatazama mlangoni, alikokuwa amesimama Inoguchi.

"Naweza kumchagua Mwalimu Inoguchi?"

Kisha Nogiwa akapita katikati ya madawati kwa mara ya pili siku hiyo, akampa mwenzake chaki kwa mikono miwili, akasimama ukutani pamoja na wazazi. Kuze alifunika kalamu yake.

Mwezi wa nne, miti ya shule ilipochanua na mwaka mpya wa masomo ulipoanza, Darasa la Tatu lilikuwa la Inoguchi, na Nogiwa alipewa watoto wapya wa Darasa la Kwanza. Alimpongeza mwenzake mbele ya walimu wote, kwa maneno yaliyopangwa vizuri, kisha akaosha kikombe chake kwa muda mrefu kuliko kilivyohitaji.

Siku moja, saa ya usafi, alipita ukumbini akiwa na vitabu kifuani. Futaba alikuwa amesimama chini ya chati na ufagio wake. Alipomwona, aliinua mkono wa kushoto.

"Mwalimu, huu mstari wa nne unanisumbua."

"Umemwuliza mwalimu wako?"

"Bado. Nimeona nianze na wewe."

Nogiwa aligeuka kutazama mlango wa Darasa la Tatu. Ulikuwa umefungwa nusu. Alikwenda akausukuma mpaka ukafunguka wote, na Inoguchi, aliyekuwa akifuta ubao, akainua macho na kuwaona. Hapo tu, mwenzake akitazama, ndipo Nogiwa alipoweka vitabu vyake chini na kuanza kumweleza Futaba mstari wa nne.