Toba ya Egbert

Wazee wa usharika walipomtuma Yustus kwenda Nyakatuntu kumtubisha Egbert, hakuna aliyemuuliza kama anaiweza kazi hiyo. Walimwona ndiye anayefaa kwa sababu hao wawili walikuwa marafiki tangu ujana. Ni kweli walikuwa marafiki. Ni kweli pia kwamba Yustus ndiye aliyemtia Egbert kwenye shimo alilotakiwa sasa kumtoa, ila watu wa kanisa nao wana kusahau kwao.

Mwaka ulikuwa 1955, na Egbert alikuwa anakufa kwa ugonjwa wa tumbo. Mchungaji alikuwa amesema bila kuficha: akitubu, atapewa Meza ya Bwana na kuzikwa kwa kengele na nyimbo. Asipotubu, ndugu zake watamfukia migombani bila hata sala moja. Yustus alitoka Mabira alfajiri, na njia nzima aliomba kitu kimoja tu, kwamba Egbert akubali.

Dhambi yenyewe ilikuwa ya mwaka 1929. Walikuwa vijana wa darasa la ubatizo, wakilala kibanda kimoja na kugawana kitabu kimoja cha nyimbo. Egbert, mwenye kichwa chepesi, alimfundisha Yustus kusoma, kazi ambayo ingemchosha malaika. Wiki moja kabla ya kubatizwa walikula omukago, udugu wa damu wa kwao. Kila mmoja alijichanja karibu na kitovu, akapaka damu yake kwenye punje ya buni, mwenziwe akaimeza. Punje zote mbili zilitoka tunda moja. Tangu hapo wakawa watu wasionyimana kitu mpaka kufa. Jumapili iliyofuata wakabatizwa na siri yao tumboni. Walimpenda Yesu na walipendana wao kwa wao, wakadhani upendo huo na ule unaweza kukaa nyumba moja.

Uamsho ulipofika mwaka 1943, watu walianza kusimama kanisani na kuungama hadharani. Huyu aliungama ndizi za jirani, yule mke wa jirani. Yustus naye roho ikamchoma. Akasimama, akaungama damu aliyoila. Angeishia hapo ingekuwa heri. Lakini mchungaji wa wakati ule aliuliza alikula na nani, na Yustus, katika furaha ya kutua mzigo, akajibu palepale kwamba alikula na mwinjilisti Egbert. Wala hakufikiri kwamba anaungama na dhambi isiyo yake. Egbert alikuwa amekaa mbele, Biblia magotini.

Egbert aliambiwa atubu, akakataa. Akavuliwa uinjilisti na kutengwa na Meza ya Bwana. Kwa miaka kumi na miwili alikaa benchi la nyuma kila Jumapili, na wenzake walipokwenda kupokea, yeye aliinamisha kichwa. Yustus alifanywa mzee wa kanisa. Hawakuachana. Yustus alikuwa akimtembelea na kumbembeleza atubu, na Egbert alimkaribisha kahawa ya kutafuna, akamtania mpaka habari ya toba ikapotea.

Siku hiyo hapakuwa na utani. Kokuberwa, mke wa Egbert, alimwonyesha Yustus kiti kando ya kitanda, akasimama mlangoni. Egbert alikuwa amebaki mifupa na macho. Yustus alimuuliza tena kwa nini hataki, neno moja tu, na mambo yaishe.

"Kutubu ni kulichukia ulilolitenda," Egbert alisema. "Nikilitubu lile, nitakuwa nimesema heri nisingekuwa na wewe. Mungu nitamdanganyaje?"

Yustus alikuwa amekuja na mistari minne ya Maandiko. Yote ilimtoka. Alimwogopea Egbert kaburi lisilo na wimbo, na tuseme ukweli, alijiogopea pia yeye mwenyewe, maana ni ulimi wake uliolichimba. Ndipo akasema kitu ambacho mzee wa kanisa hakupaswa kukisema.

"Munywani wange," alimwita, kama wanavyoitana waliokula damu. "Nakuomba utubu. Nakuomba kwa omukago wetu."

Kwa neno hilo mtu hanyimwi, na wote watatu walilijua.

"Unajua unachoniomba?"

"Najua," Yustus alisema, na hakujua.

"Basi nitatubu. Kawaambie waje."

Mchungaji alikuja Jumatano pamoja na wazee. Egbert aliyafuata maneno ya toba moja moja, akiukana udugu ule mbele ya watu, akapokea mkate na divai. Alilia. Yustus naye alilia, kwa furaha. Ijumaa Egbert akafa.

Alizikwa kwa kengele, na wimbo wa waimbaji ulisikika mpaka ng'ambo ya bonde. Yustus aliona uchungu, lakini chini ya uchungu huo palikuwa na shukrani. Kisha Kamugisha, kaka wa marehemu, akaita ndugu washuke kaburini kumpokea, kama ilivyo desturi. Yustus akavua koti, akasogea.

Kokuberwa akamshika mkono. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Yustus zaidi.

"Udugu ule aliukana mbele yetu sote, mzee," alisema taratibu. "Wewe ndiye uliyemwomba. Waache ndugu zake washuke."

Yustus akarudi walikosimama wazee wa usharika, koti mkononi. Wakampisha. Mmoja wao akamnong'oneza kwamba amefanya kazi njema, na Yustus akamjibu asante.